Ngoma Niliyomnyima Kagaruki

3 Juni 1974

Mwalimu Theopista wa kisomo cha watu wazima ametuambia kila aliyefuzu aandike kidogo kila siku, herufi zisije zikaota kutu. Wengine wataandika habari za jua na mvua. Mimi Rugemalira nitaandika jinsi nitakavyomlipiza Kagaruki.

5 Juni

Jana mkono ulichoka. Kalamu ni nzito kuliko jembe, asikudanganye mtu.

Nieleze Kagaruki ni nani. Tulipokuwa vijana tulikula omukago. Asiyejua desturi yetu Wahaya ajue hivi: unachanja ngozi kando ya kitovu, unapaka damu yako kwenye punje ya kahawa, mwenzako anaimeza, nawe unameza ya kwake. Tangu hapo yeye ni munywani wako, kuliko hata ndugu mliyenyonya ziwa moja. Watoto wake ni watoto wako. Ukimdhuru, tumbo linakuvimba mpaka lipasuke. Nimewaona waliopasuka. Au niseme, nimewasikia.

Sasa sikia alichonifanyia. Mwaka jana wapimaji walikuja Buganguzi kutafuta mahali pa kujenga ghala la kijiji cha ujamaa, karibu na barabara. Kagaruki, kwa kuwa ni mjumbe wa kamati, akawaongoza moja kwa moja hadi kwenye kibanja changu. Akasema, nami nimesimama hapo hapo: "Hapa panafaa. Mzee huyu hana mtoto wa kiume wa kurithi."

Migomba aliyopanda babu ikalala chini siku moja. Kaburi la baba yangu liko chini ya sakafu ya saruji, na juu yake watu wanapanga magunia. Mimi na mke wangu Kokushubila tulihamishiwa huku juu mlimani, kwenye nyumba zilizopangwa mstari kama meno. Na mlinzi wa ghala ni nani? Kagaruki.

Nimeapa sitakanyaga pale mpaka yeye atoke.

6 Juni

Nimekagua fimbo zangu za ngoma. Nzima.

11 Juni

Leo mkutano. Nimeng'ara.

Shida ilikuwa lori la kahawa. Linapita ghalani alasiri, kisha linaendelea Muleba. Dereva wake, Mwijage, mtu wa maneno makali, amekataa kupanda mlima wetu kwa kubahatisha. Anasema: "Niambieni mapema juu kuna mzigo gani. Kama hamna, sipandi." Katibu wetu, kijana Protase, alitaka mtu awe anakimbia na habari. Watu wakaangaliana. Kutoka juu hadi ghalani kuna bonde, kijito na utelezi. Nani akimbie kila siku?

Nikasimama. Nikasema: "Mmesahau kwamba yupo aliyepiga ngoma langoni kwa Mkama?"

Wengine waliguna, maana mambo ya wakama, wafalme wetu wa zamani, yamekwisha tangu Uhuru. Lakini nani mwingine kijijini anajua kupeleka namba kwa ngoma? Zamani kwa Mkama walipiga pigo moja kwa kila kibuyu cha pombe ya rubisi kilicholetwa. Vibuyu sitini, mapigo sitini. Msikilizaji anasinzia, mpigaji anavimba viganja. Mimi ndiye niliyeuvunja upumbavu ule, na Mkama mwenyewe alinipa mbuzi. Njia yangu ni hii. Kila tarakimu inapigwa kwa ngoma ndogo, ti, kwa idadi yake. Kati ya tarakimu na tarakimu unavuta pumzi moja. Sifuri ni fimbo kwenye ubao wa ngoma, ko. Na namba ikiisha, ngoma kubwa inalia mara moja: DU. Kubwa isipolia, jua namba bado inaendelea. Kwa hiyo nne ni ti ti ti ti, DU. Kumi na mbili ni ti, pumzi, ti ti, DU. Namba ndogo ni fupi, namba kubwa inarefuka kidogo tu, na hata mkivuna magunia elfu ngoma yangu haikosi pa kuyaweka.

Protase akasema, "Mzee, ni vizuri, lakini ingefaa kila namba iwe na nafasi nne za tarakimu, ziwe zinalingana. Asiyesikia vizuri asichanganye."

Nikamuuliza: "Magunia matatu niyapigie ko ko ko kwanza? Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu?"

Mkutano ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Ikapita yangu. Kila alasiri nipige namba tatu: magunia ya kahawa, magunia ya maharage, na wagonjwa wa kupelekwa hospitali na lori. Huko chini asikilize mlinzi wa ghala. Akisikia, ajibu DU DU. Asiposikia, apige mfululizo wa ndogo, nami nirudie.

Hapo Kagaruki akanyanyuka, akajikohoza. "Mfululizo huo wa nini? Nilisimama langoni pamoja na Rugemalira. Sikio hili halijawahi kuomba pigo lirudiwe, na halitaomba."

Kaa na sikio lako, munywani.

12 Juni

Kahawa tano, maharage moja, mgonjwa hakuna. Akajibu DU DU kabla sijashusha mikono. Ana haraka ya kujionyesha.

19 Juni

Vumbi. Kahawa imetandazwa kwenye kila ua, inakauka vizuri. Ngoma inasikika hadi Muleba.

24 Juni

Kokushubila amesoma nilichoandika siku ya kwanza, maana naye yuko kisomo, tena anasoma haraka kuliko mimi, ingawa mwandiko wangu ndio mzuri.

"Tata Joviana," ananiita kwa jina la binti yetu, "wewe utamlipiza vipi mtu ambaye damu yake iko tumboni mwako?"

"Nitatafuta njia."

"Tafuta na daktari wa kukushona."

7 Julai

Saba Saba. Sherehe imefanyika ghalani. Sikuingia, nilisimama barabarani kama mpita njia. Walisogeza magunia, wakacheza kwenye sakafu. Kagaruki alikuwa amekwisha kunywa, kanzu ameikunja kiunoni, anakanyaga saruji kwa visigino, puu, puu, na kila mtu anampigia makofi. Baba yangu yuko pale chini. Alikuwa hapendi hata kuku waparue mbele ya mlango akiwa amepumzika.

Anatolia, binti wa Kagaruki aliyeolewa na Clavery huku kwetu juu, aliniona nimesimama juani. Ni mjamzito, lakini aliteremka akaniletea maji kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaniita kwa heshima. "Waitu, mbona huingii?"

Nikamwambia miguu inaniuma. Mtoto ana adabu. Sijui aliipata wapi.

10 Julai

Nimepata njia!

Nilikuwa namenya ndizi, kazi ambayo kwa kawaida sifanyi, ila Kokushubila alikuwa na homa. Mara nikaona jambo zima kama mtu aliyewashiwa taa. Nikipiga namba ya uongo, nimemdhuru munywani kwa mkono wangu, na tumbo litapasuka. Lakini nikinyamaza? Nikisahau tu ile kubwa? Kahawa nne, maharage mawili. Ti ti ti ti, pumzi, ti ti, DU. Nimepiga nini cha uongo? Nne ni nne, mbili ni mbili. Ila bila DU katikati, zinashikana, na huko chini inasikika arobaini na mbili. Kunyamaza si kusema. Omukago haukatazi kunyamaza.

Namba ya tatu haitafika, ndiyo. Mwenye akili angeomba irudiwe. Lakini Kagaruki haombi. Alitangaza mbele ya kijiji.

12 Julai

Nimefanya. Kahawa nne, maharage mawili, mgonjwa hakuna. Nikaimeza ile DU ya kwanza. Nikasubiri, moyo unanipiga kuliko ngoma. Halafu: DU DU.

Hakuomba!

Alasiri hiyo hiyo Mwijage alipandisha lori na trela na matingo wanane kuchukua magunia arobaini na mawili. Trela ikakwama kijitoni. Walisukuma mpaka jua likatua. Kufika juu wakakuta kahawa nne na maharage mawili. Mwijage alitukana kwa Kiswahili, kwa Kihaya, na kwa lugha nyingine aliyoipata huko safarini. Kote walimtaja Kagaruki.

Nimekula bitoke, ndizi za kupika, sahani mbili.

13 Julai

Tumbo nimeliangalia asubuhi. Liko vile vile.

14 Julai

Misa. Tumbo salama.

22 Julai

Napiga sawasawa siku hizi. Mwindaji hatupi mkuki kila siku.

1 Agosti

Kahawa tisa, maharage manane. Nikanyamaza katikati. Kagaruki akasikia tisini na nane, akajibu DU DU kama kawaida yake.

3 Agosti

Imekuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Kusikia kahawa tisini na nane, wale wa chama cha ushirika walileta malori mawili na bwana mmoja mwenye miwani, aje ashuhudie kijiji hodari. Bwana alipanda mlima na viatu vyeupe. Alikuta magunia tisa, na mbuzi amelala juu ya moja.

Kagaruki ameitwa kwenye kamati. Ameambiwa: mara ya tatu, anatoka ghalani. Protase alisema bora sasa tuchukue zile nafasi nne, nikasema ngoma haina kosa, msikilizaji ndiye apimwe masikio. Kagaruki aliniangalia. Sikukwepesha macho.

Mara ya tatu. Ni moja tu imebaki.

8 Agosti

Nimekutana naye gulioni. Amekonda. Alinisogelea pale wanapouza samaki.

"Munywani."

"Munywani."

"Ngoma yako siku hizi inameza kubwa."

"Ngoma haina koo, munywani. Masikio ndiyo yana nta."

Akageuza samaki, akamrudisha. "Nilikuwa nikilijua pigo lako hata nikiwa usingizini. Nilikuwa nasema, huyu ni Rugemalira, mkono wake hausahau."

"Mkono wangu hausahau," nikamwambia. "Kweli kabisa. Hausahau kitu."

Aliielewa. Akaondoka bila samaki.

9 Agosti

Tumbo limejaa upepo. Kokushubila anasema ni maharage mapya. Nami nasema ni maharage.

20 Agosti

Kagaruki sasa anaogopa. Mwijage ameniambia mwenyewe, akicheka: Kagaruki hatoi tena namba aliyoisikia. Anakisia. Ikisikika ndogo, anaisema. Ikisikika kubwa, anaikata, anasema "leo hakuna kitu, nenda zako." Na ile DU DU ya kujibu siku nyingine haipigi kabisa. Kahawa yetu imelala huku juu siku nyingi, watu wananung'unika, lakini wanamnung'unikia yeye.

Ningeweza kummaliza sasa. Nataka aive kwanza.

2 Septemba

Mawingu.

10 Septemba

Mvua za kwanza. Radi nyingi kuliko maji. Ngozi za ngoma nazianika motoni kila mchana, zinalegea.

11 Septemba

Radi. Nimepiga, sijui alisikia nini. Radi inalia DU kuliko ngoma yangu, jambo ambalo sikuwahi kulikubali mbele ya mtu.

17 Septemba

Hii ni ndefu. Naandika kidogo, naacha, narudi.

Mchana Clavery alikuja mbio, shati limemshika mwilini. Mkewe Anatolia yuko kwenye uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Mkunga amesema amekaa vibaya, mkono umetangulia, lazima hospitali. "Waitu, piga ngoma. Lori lisipite."

Nikatoka na fimbo. Magunia kwenye kibanda cha kahawa yalikuwa sita. Maharage hakuna. Mgonjwa mmoja. Mbingu nyeusi upande wa ziwa.

Sitaandika uongo kwenye daftari langu. Nilisimama pale na fimbo mkononi, na jambo likanijia limekamilika kama yai. Nikinyamaza mara mbili tu, Kagaruki anafukuzwa kabla ya Jumapili. Tena si kufukuzwa tu. Sikio lake mwenyewe litakuwa limemzikia binti. Mimi sitakuwa nimesema neno. Mpaka kufa atajiuliza, na mimi nitakuwa ninapita barabarani namwamkia.

Clavery alikuwa ananiangalia mikono. Yule hajui namba za ngoma, anajua kuvua samaki tu.

Nikapiga. Sita, DU. Ko, DU. Moja, DU. Kubwa niliipiga kwa mkono wote, safi, tatu. Binti wa munywani ni binti yangu, tuliapa hivyo, na sikubali Kagaruki awe sababu ya msiba wangu. Aibu yake naitaka. Mtoto wangu hamchukui.

Na radi nayo, mbwa yule, ikalia pale pale. Ikalia kabla ya DU yangu, ikalia juu yake, ikalia baada yake.

Tukasubiri jibu. Hakuna. Nikarudia. Hakuna. Nikarudia mpaka kiganja kikachanika. Kisha tukalisikia lori chini bondeni: likanguruma, likabadilisha gia, likashika barabara ya Muleba.

Clavery akakaa chini kwenye matope.

"Inuka," nikamwambia. "Leta machela. Ita wanaume."

Wanaume wanne walimbeba Anatolia, nami nikatangulia na fimbo yangu ya kutembelea kuwaonyesha pa kukanyaga. Umri huu! Vijana waliteleza, mimi sikuteleza hata mara moja. Kijitoni maji yalifika magotini. Anatolia hakupiga kelele, alikuwa anauma nguo. Alipita karibu yangu akasema, "Waitu, pole kwa mvua." Mimi ndiye napewa pole.

Tukatokea kwenye kibanja changu. Nilikanyaga, sikukumbuka hata kiapo.

Kagaruki alikuwa mlangoni pa ghala, amejifunika gunia kichwani. Kuniona tu akapandisha sauti: "Umekuja kunicheka? Mia sita na moja! Ulidhani nitasadiki? Umenipigia mia sita na moja, ili malori yaje kumi, nifukuzwe leo leo!"

Hapo nikaelewa. Sita, sifuri, moja. Hakuweza kutenganisha DU na radi. Na kwa kuwa nilimfundisha kwamba kubwa yangu humezwa, akaziacha zote, akaziunganisha namba. Mia sita na moja. Akasema huu ni mtego, akamwambia Mwijage aende.

"Nilipiga sita," nikasema. "Nikapiga hakuna. Nikapiga moja."

"Moja ya nini?"

Nikasogea pembeni, akaona machela. "Moja ndiyo hii."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka namna ile. Nilikuwa nimeusubiri msimu mzima uso huo. Sikupata nafasi ya kuufurahia.

"Mawe, mama wee! Mwanangu," akasema. Kisha akanishika koti. "Rugemalira, lori limesimama kituo cha pili, ng'ambo ya kinamasi, linapakia. Litasikia. Mwijage anajua namba zako, amezisikia kila siku."

"Lete ngoma."

Akaleta ya ghala. Kubwa ilikuwa imelegea kwa unyevu, ukiipiga inalia kama mtu anayekohoa. Na radi bado inazunguka. Nikasema, "DU hii haitatofautiana na mbingu."

Kagaruki alikwenda nyuma ya ghala akarudi anaviringisha pipa tupu la mafuta, akaokota chuma cha kufungulia tairi. "Wewe piga ndogo. DU nitapiga mimi."

Tukapiga. Mimi ko, yeye chuma kwenye pipa: GWANG! Ko, GWANG! Ti, GWANG! Kahawa hakuna, maharage hakuna, mgonjwa mmoja. Radi haijui kulia kama pipa. Hakukosea hata mara moja, wala hakutangulia wala hakuchelewa. Tulikuwa hivyo langoni kwa Mkama, vijana, mimi ndogo, yeye kubwa. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa hodari. Au nilikuwa sitaki kukumbuka.

Tulipiga, tukapiga. Mvua ilitunyeshea wote wawili. Clavery alikuwa amepiga magoti pembeni ya mkewe, anaomba kwa Mama Maria, na Kagaruki Mlutheri akiitikia amina katikati ya mapigo.

Halafu tukaziona taa, zinarudi juu ya kinamasi.

Mwijage aliruka chini. "Nimesikia mgonjwa kwa pipa! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Endesha kama vile unakimbizwa."

18 Septemba

Mtoto wa kiume. Walimpasua Anatolia, wote wazima. Kokushubila amelia, kisha ameniuliza tumbo likoje. Nimemwambia asiniguse.

20 Septemba

Mvua.

22 Septemba

Kesho kutwa kamati. Protase anataka kujua mgonjwa aliachwaje. Nimejitayarisha. Wakiniuliza kama nilipiga DU siku hiyo, nitajibu ndiyo, na ni kweli. Wakiuliza za Julai na Agosti, nitasema sikupiga pigo lolote la uongo, na ni kweli pia. Kagaruki atasema ngoma yangu inameza. Tutaonana hapo.

24 Septemba

Sijui niandikeje.

Watu walijaa. Mwenyekiti akauliza, Protase akaeleza, na mwisho akasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo. Njia ya Mzee Rugemalira ni hatari. DU moja ikipotea, namba mbili zinashikana na zote zinazofuata zinaharibika. Tupige nafasi nne kila namba, basi."

Nilikuwa nanyanyuka. Kagaruki akanitangulia.

"Ngoma ya Rugemalira haina kosa," akasema. "Nimeisikiliza tangu ujana wangu. Nzuri kuliko hiyo haipo. Kosa ni sikio langu. Limezeeka. Za Julai nilikosa mimi, za Agosti nilikosa mimi. Nilijivuna kwamba siombi kurudiwa, na kwa majivuno hayo nusura nimzike mwanangu. Nitoeni ghalani. Mpeni yeye. Na kibanja kile kilikuwa chake. Nilikionyesha kwa wapimaji nikiwa na wivu, kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko changu."

Yote hayo kayasema kwa pumzi moja, bila kumeza mate. Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Munywani, umeniokolea mtoto."

Watu walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Mwenyekiti akasema huo ndio ujamaa wenyewe. Mimi nimesimama katikati, mdomo wazi, na maneno yangu yote niliyoyapanga yamekwama kama trela kijitoni.

Anajua! Anajua kila DU niliyomnyima, alizihesabu moja moja. Macho yake yaliniambia anajua. Na amezichukua zote, amejitwika yeye, kana kwamba ni mzigo wa majani makavu.

Wamepitisha: mimi mlinzi wa ghala. Kagaruki aje juu, apige ngoma. DU itapigwa kwa pipa, huku juu na kule chini. Protase amekubali njia yangu ibaki.

Nimepata kila kitu nilichotaka. Kokushubila ananiuliza mbona silali vizuri mchana.

25 Septemba

Kisasi nilitaka kukitwaa kwa mkono wangu. Yeye kanipa, kama mtu anayempa maskini ndizi mlangoni. Sasa utamlipizaje mtu aliyekusamehe mbele za watu?

28 Septemba

Nimehamia ghalani. Nimefagia sakafu mwenyewe. Nimeweka alama ya chokaa mahali alipo baba, magunia yasipangwe hapo. Mtu atakayebisha aje nimwonyeshe.

1 Oktoba

Kagaruki amepiga mara yake ya kwanza. Kahawa tatu, maharage hakuna, mgonjwa hakuna. GWANG tatu, kila moja mahali pake. Nilikuwa nimeinamisha sikio nione itakayopotea. Haikupotea.

4 Oktoba

Sawasawa tena.

5 Oktoba

Sawasawa.

6 Oktoba

Jumapili. Anatolia amemleta mtoto nimwone. Amesema baba yake amependekeza wampe mtoto jina langu. Nimemwambia jina langu ni zito kwa mtoto mdogo, wafikiri kwanza. Nimemshika kidogo. Ana kucha ndefu.

Rugemalira! Hata hilo Kagaruki kaliwahi.

9 Oktoba

Msimu umekwisha, kahawa ya mwisho imeteremka alasiri hii. Leo mvua ilikuwa nzito na upepo ukivuma kwenda juu kwake, nikasema leo, leo atakosa, hata malaika angekosa leo. Nilitoka nje, nimesimama kwenye tope, fimbo ya ngoma mkono mmoja, chuma mkono wa pili, nimejiandaa kumpigia mfululizo wa kumrudisha mwanzo, bonde zima lisikie kwamba Kagaruki karudishwa.

Kahawa mbili, GWANG. Ko, GWANG. Ko, GWANG.

Safi. Nimesikiliza mpaka mwangwi umeisha kule kinamasini. Hakuna cha kumrudisha.

Nimempigia kwamba nimesikia. Nimepiga kwa nguvu hadi pipa limebonyea.